Mgema Akisifiwa: Wahakiki wa Mvinyo na Mzozo wa Ladha

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayevimba kichwa kwa sifa, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kwamba ilizaliwa chini ya mnazi, baina ya muuza tembo na wateja wake. Ndani yake mna watu watatu: mgema, mwonjaji aliyemsifu, na mteja wa kesho atakayeuziwa maji kwa bei ya tembo. Lawama ya mgema ni bayana. Lawama ya msifuji hutajwa kwa nadra, ilhali ni sifa yake iliyoanzisha hasara hiyo.

Biashara ya mvinyo wa zabibu, hasa katika Ufaransa, Uingereza na Marekani, ina wasifuji ambao kusifu na kukashifu ndiyo kazi inayowalisha. Hao ndio wahakiki wa mvinyo. Huonja, hutema, huandika maelezo mafupi, kisha hutoa alama. Alama ikiwa kubwa, bei ya chupa hupanda na mwenye shamba hutajirika. Ikiwa ndogo, mapipa hukaa ghalani. Wapinzani wao hudai kwamba kazi hii yote ni kiini macho, kwa kuwa ladha ni jambo la ulimi wa mtu na hakuna awezaye kumwamulia mwenzake kitamu ni kipi. Watetezi wao nao hujibu kwamba ulimi hufunzika kama vile sikio la mwanamuziki linavyofunzika.

Mzozo huu unawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, wakiwemo wale ambao dini au hiari yao imewaepusha na kileo. Neno ladha linalotumiwa kuhusu kinywaji ndilo hilo hilo linalotumiwa kuhusu shairi, na neno uhakiki ni lile lile. Makala haya yanashikilia kwamba kila upande una nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba ladha hutofautiana baina ya mtu na mtu, na kwamba wahakiki wamejipa mamlaka makubwa kuliko ushahidi walio nao. Hata hivyo, haifuati kwamba kila hukumu ya ladha ni sawa na nyingine. Kinachopaswa kukataliwa ni hukumu isiyokuwa na hoja, hususan ile inayojificha nyuma ya tarakimu.

Siku ya Paris

Tukio linalotajwa sana katika mjadala huu lilitokea Paris tarehe 24 Mei 1976. Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo katika jiji hilo, aliwaalika waonjaji mashuhuri tisa wa Ufaransa waonje mvinyo wa nchi yao pamoja na ule wa Kalifornia. Katika kundi la mvinyo mweupe na la mvinyo mwekundu, kila moja lilikuwa na aina sita za Kalifornia na nne za Ufaransa. Majina ya chupa yalifichwa, na alama zilitolewa kwa 20.

Wakati huo ilichukuliwa kuwa ni jambo lisilohitaji mjadala kwamba Ufaransa haina mshindani. Matokeo yalipotangazwa, mvinyo mweupe wa Chateau Montelena wa mwaka 1973 ulikuwa wa kwanza katika kundi lake, na mvinyo mwekundu wa Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka huo huo ulikuwa wa kwanza katika kundi la pili. Yote miwili ilitoka Kalifornia. Miongoni mwa walioshindwa ni Château Mouton-Rothschild, shamba ambalo miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1973, lilikuwa limepandishwa hadi daraja la kwanza katika orodha maarufu ya Bordeaux ya mwaka 1855. Orodha hiyo yenyewe ilikuwa imepangwa na madalali kwa kufuata zaidi bei ambazo mvinyo wa kila shamba ulikuwa ukipata sokoni. George Taber wa jarida la Time, mwanahabari pekee aliyehudhuria, alisimulia jinsi mwonjaji mmoja alivyoonja mvinyo mweupe wa Kalifornia akafurahi kwamba sasa amerejea Ufaransa.

Wengi huisoma siku hiyo kama siku wahakiki walipoumbuliwa. Usomaji huo ni sahihi kwa kiasi fulani. Kilichoumbuliwa hasa ni jina la chupa, na waliokiumbua ni wahakiki wenyewe. Majina yalipoondolewa, Wafaransa wale walizipa chupa za kigeni alama za juu kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 2006, miaka 30 baadaye, mvinyo mwekundu wa majina yale yale ulionjwa tena na majopo mawili, moja London na jingine Napa. Safari hii wa kwanza ulikuwa Ridge Monte Bello wa mwaka 1971, ambao mwaka 1976 ulikuwa wa tano, nao mshindi wa awali ukawa wa pili. Orodha ilibadilika, lakini haikupinduka juu chini kama ambavyo ingetarajiwa iwapo waonjaji wangekuwa wakirusha sarafu hewani.

Ushahidi dhidi ya wahakiki

Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo hauwapendelei wahakiki. Robert Hodgson, profesa mstaafu aliyebobea katika takwimu na mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo Kalifornia, alishangazwa na jinsi mvinyo wake ulivyopata dhahabu katika shindano moja na kuambulia patupu katika jingine. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2008 aliruhusiwa kuwapima waamuzi wa shindano kubwa la jimbo hilo. Katika kila msururu wa bilauri 30, bilauri tatu zilitiwa mvinyo kutoka chupa moja bila waamuzi kuambiwa. Kila mwaka walipimwa waamuzi baina ya 65 na 70. Ilibainika kwamba takriban asilimia 10 tu ndio walioweza kuupa mvinyo ule ule hukumu ya daraja moja mara zote tatu. Asilimia nyingine 10, katika baadhi ya nyakati, waliupa mvinyo huo huo shaba na kisha dhahabu.

Jaribio jingine linawahusu moja kwa moja watu wa lugha. Mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyiwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux. Wanafunzi hao walipewa mvinyo mweupe na mwekundu wauelezee, nao wakatumia misamiati miwili tofauti: mvinyo mweupe ukaelezwa kwa majina ya vitu vya rangi ya njano au visivyo na rangi, na mwekundu kwa majina ya vitu vyekundu na vyeusi. Baadaye walipewa mvinyo mweupe ule ule, nusu yake ukiwa umetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Mvinyo uliotiwa rangi waliueleza kwa msamiati wa mvinyo mwekundu. Jicho lilichagua maneno, na pua ikatii.

Bei nayo ina sauti. Mwaka 2008, Hilke Plassmann na wenzake waliwaonjesha watu 20 mvinyo huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine. Mvinyo mmoja ulinyweshwa mara mbili: mara ya kwanza ukitajwa kuwa wa dola 10 na mara nyingine wa dola 90. Washiriki walisema ule wa dola 90 ulikuwa bora, na sehemu ya ubongo inayohusishwa na starehe ilichangamka zaidi. Hapana budi kulitazama tokeo hili kwa makini. Watu hawa hawakuwa wakisema uongo ili waonekane wastaarabu. Yamkini walistarehe kweli. Bei iliingia katika ladha yenyewe.

Aliyeuelewa udhaifu huu kuliko wote ni tapeli. Rudy Kurniawan aliwauzia matajiri wa Marekani chupa za mvinyo wa kale wenye thamani ya mamilioni ya dola, kumbe nyingi alizichanganya nyumbani kwake Kalifornia na kuzibandika vibandiko vya kughushi. Ndimi za wataalamu waliozionja hazikutosha kumnasa. Shaka kubwa ilizuka mwaka 2008, pale Laurent Ponsot, mtengenezaji mvinyo wa Burgundy, alipoona kwamba mnada mmoja wa New York ulikuwa ukiuza chupa za jina la familia yake zenye miaka ambayo familia hiyo haikuwa bado imeanza kutengeneza mvinyo wa shamba lile. Kurniawan alipatikana na hatia mwaka 2013, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Kumbukumbu za shamba ziliona kile ambacho vinywa vilikikosa.

Mwili nao si mmoja

Fauka ya hayo, kuna tofauti ambazo hakuna mafunzo yawezayo kuzifuta. Mwaka 1931, mwanakemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont alikuwa akishughulikia unga fulani katika maabara. Unga uliporuka hewani, mwenzake alilalamika kwamba ulikuwa mchungu mno, ilhali Fox mwenyewe hakuhisi chochote. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba tofauti hiyo hurithiwa, na leo jeni inayohusika inafahamika.

Mvinyo una mfano wake. Aina ya zabibu iitwayo Syrah husifiwa kwa harufu ya pilipili manga. Mwaka 2008, watafiti wa Australia walieleza kwamba chanzo cha harufu hiyo ni kemikali iitwayo rotundoni, ambayo imo pia katika pilipili manga yenyewe. Waligundua pia kwamba takriban mtu mmoja katika kila watano hawezi kuinusa hata ikiwa nyingi. Kwa hiyo watu wawili wakikaa meza moja na chupa moja, mmoja akasema mna pilipili na mwingine akakana, hakuna haja ya kumwita yeyote mjinga au mwongo. Kila mmoja anasema kweli kuhusu bilauri aliyopewa na mwili wake.

Mhakiki anayempa mvinyo huo alama 94, basi, anampa nani? Alama hiyo imetoka katika mwili mmoja, siku moja, baada ya bilauri kadhaa zilizotangulia, lakini huchapishwa kama kipimo cha kitu chenyewe, mithili ya uzito wa gunia kwenye mizani.

Je, kila ladha ni sawa?

Hapa ndipo wapinzani wa wahakiki huvuka mpaka. Kutoka katika ushahidi huu huruka na kudai kwamba hakuna mvinyo bora wala mbaya, na kwamba kipendacho moyo ndicho dawa. Dai hilo linavutia kwa sababu linaonekana kuwa la kidemokrasia. Likichunguzwa, halisimami.

Kwanza, Hodgson huyo huyo aligundua kwamba waamuzi walikuwa thabiti zaidi katika yale wasiyoyapenda kuliko yale waliyoyapenda. Jambo hili lina maana kubwa. Mvinyo uliogeuka siki, au ulioharibiwa na kizibo chenye kuvu ukanuka kama boksi lililoloa, hutambuliwa na walio wengi miongoni mwa waliofunzwa. Kasoro ina makubaliano makubwa kuliko ubora. Mtu anayeshindwa kuchagua baina ya shaba na dhahabu bado anaweza kujua kwa yakini ni chupa ipi isiyofaa kuwekwa mezani.

Pili, mafunzo huacha alama. Mwaka 2008, Robin Goldstein na wenzake walichanganua maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanywa bila bei kutajwa. Watu wa kawaida walielekea kuupenda mvinyo wa bei ghali kidogo chini ya ule wa bei nafuu. Waliokuwa na mafunzo hawakuonyesha mwelekeo huo. Kwao uhusiano wa bei na starehe ulikaribia kuwa chanya. Tofauti hiyo si kubwa, lakini inatosha kuonyesha kwamba ulimi uliofunzwa haufanyi kazi sawasawa na ulimi usiofunzwa.

Tatu, kuna hoja ya mwanafalsafa Mskoti David Hume katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha, iliyochapishwa mwaka 1757. Hume alikiri kwamba uzuri hukaa katika nafsi ya anayehisi. Hata hivyo, alichukua kisa kutoka riwaya ya Cervantes, Don Quixote, kinachowahusu jamaa wawili waliotakiwa kuhukumu pipa la mvinyo. Mmoja alisema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Mwenzake akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomalizwa, chini yake palikutwa ufunguo mkuukuu uliofungiwa ukanda wa ngozi.

Kisa hiki kinafundisha mengi kuliko yanayoonekana mara moja. Waonjaji wale hawakukubaliana, na bado wote wawili walikuwa sahihi. Kila mmoja alihisi sehemu ya kile kilichokuwamo. Aidha, kilichowapa haki hakikuwa umaarufu wao bali ufunguo, kitu ambacho kila mtu angeweza kukiona. Walitaja ngozi na chuma. Wangetaja alama 88 na 91, hakuna pipa ambalo lingeweza kumwagwa ili kuwathibitisha.

Utawala wa tarakimu

Mhakiki aliyeipa tarakimu enzi yake ni Robert Parker, mwanasheria wa Maryland, Marekani, aliyeanzisha jarida la The Wine Advocate mwaka 1978. Ni haki kusema kwamba alianza kwa nia njema. Wakati huo waandishi wengi wa mvinyo walikuwa pia wauzaji wake, naye alitaka kuwa mtetezi wa mnunuzi, mfano wa wakili asiyelipwa na upande wa pili. Alitumia mizani ya alama 50 hadi 100, ambayo kila Mmarekani aliyesoma shule aliielewa. Aliusifu sana mvinyo wa Bordeaux wa mwaka 1982 wakati wengine walipokuwa na shaka, na hukumu hiyo ilimjengea jina.

Jina lilipokua, mizani ikageuka usukani. Parker alifahamika kwa kupenda mvinyo mzito, wenye nguvu, wa zabibu zilizoiva sana na wenye harufu ya mapipa mapya ya mwaloni. Watengenezaji wengi walilifahamu hilo. Baadhi yao walichelewesha mavuno ili zabibu zizidi kuiva, wakaongeza mapipa mapya, na kuwaajiri washauri waliojua njia ya kuelekea alama za juu. Mgema wa Pwani akisifiwa hutia maji. Mgema wa Bordeaux alifanya kinyume: alisifiwa kwa ukali, akazidisha ukali. Athari ni ile ile, kwa sababu katika hali zote mbili mtengenezaji aliacha kukitazama kinywaji akamtazama msifuji.

Mwaka 2004 mpasuko ukadhihirika. Mvinyo wa Château Pavie wa mwaka 2003, uliotokana na kiangazi cha joto kali, ulipoonjwa ukiwa bado kwenye pipa, Parker aliusifu mno. Jancis Robinson, mhakiki Mwingereza aliyefaulu mwaka 1984 mtihani mgumu wa shahada ya Master of Wine, aliupa alama 12 kwa 20 na kuukemea kwa kuzidi kuiva. Mabishano yakavuka bahari. Mtu asiye na subira angehitimisha kwamba mmoja wao hajui kazi. Yamkini wote wawili walihisi mambo yale yale: uzito, ukavu wa ukakasi, utamu wa zabibu zilizochomwa na jua. Walitofautiana kuhusu iwapo mambo hayo ni sifa au dosari. Msomaji wa maelezo yao angeweza kujua yeye ni wa kambi ipi na akanunua au akaacha. Msomaji wa tarakimu peke yake aliachwa njia panda.

Parker alistaafu mwaka 2019. Mizani yake haikustaafu, na imevuka kutoka kwenye mvinyo hadi kwenye mazao yanayoigusa Kenya kwa karibu. Kahawa inayouzwa kama kahawa maalumu katika soko la dunia nayo imezoeleka kupimwa kwa mizani ya alama 100, na 80 ndiyo iliyokuwa kizingiti. Mkulima wa Nyeri au Kirinyaga hupalilia, huchuma na hupeleka buni kiwandani, kisha alama chache zinazotolewa na mwonjaji zinaweza kuamua kama buni yake itatafutwa au itapuuzwa. Ikiwa waamuzi wa mvinyo waliobobea walishindwa kurudia hukumu yao kwa bilauri tatu za chupa moja, mkulima huyo ana haki ya kuuliza ni mara ngapi kikombe chake kilionjwa, na kwa maneno gani.

Ladha na lugha yake

Suala la maneno ndilo linaloiweka mada hii mikononi mwa wanaisimu. Mwaka 1984, Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alisambaza mchoro wa gurudumu la harufu za mvinyo. Katikati ya gurudumu mna makundi mapana kama vile matunda, maua na viungo, na kadiri mtu anavyoelekea ukingoni ndivyo maneno yanavyozidi kuwa mahususi. Noble aliyaacha nje makusudi maneno ya kusifu yasiyoweza kupimwa, mathalani umaridadi. Kila neno lililobaki lingeweza kuonyeshwa: mwanafunzi akitiliwa ndani ya bilauri kipande cha nanasi au punje ya pilipili manga, hunusa na kujua kinachozungumziwa. Kazi hiyo ilikuwa ya kileksikografia kama ilivyokuwa ya kikemia.

Hata hivyo, kila gurudumu huzungukia soko la mahali fulani. Kahawa ya Kenya husifiwa ng'ambo kwa ladha ya tunda dogo jeusi la Ulaya ambalo Waingereza husindika kuwa sharubati. Ni tunda ambalo mkulima wa Kirinyaga yamkini hajawahi kulitia kinywani. Anaambiwa uzuri wa jasho lake kwa mfano asioufahamu. Je, mwonjaji aliyelelewa Mombasa, akikionja kikombe hicho hicho, asingetaja zambarau, ukwaju au ubuyu? Na akitaja hivyo, nani wa kusema amekosea?

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Neno ukakasi, yaani ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza baada ya kula ndizi mbichi au korosho bichi, linaeleza bila kupungukiwa kile ambacho tanini za mvinyo mwekundu na za chai hufanya kinywani. Kuna uchachu na ukali, uchungu na ugwadu. Chakula kisicho chumvi ni chapwa. Kilichoingiwa na viungo barabara kimekolea. Neno kukolea ni la thamani kubwa, kwa sababu linatofautisha wingi wa kiungo na kule kiungo kushikana na chakula. Mombasa ina mnada wa chai uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, na waonjaji wake huvuta chai kwa mvumo na kuitema siku nzima. Kukusanya na kusanifisha msamiati wa Kiswahili wa ladha, kutoka kwa wapishi, wagema, wauza viungo na waonjaji wa chai na kahawa, ni kazi inayostahili tasnifu. Ni aibu kwamba lugha yenye ukakasi na kukolea ingali ikisubiri gurudumu lake.

Darasani na katika uhakiki

Yaliyoelezwa kuhusu mvinyo yanarejea moja kwa moja katika fasihi. Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970, uliochochewa na mikusanyo kama Kichomi cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1974, ulihusu vina na mizani, lakini nyuma yake palikuwa na suala la ladha. Waliozoea bahari moja walihisi ukakasi katika nyingine. Sehemu ya mjadala huo iliyodumu na inayosomwa hadi leo ni ile iliyotoa hoja: shairi linaimbika au haliimbiki, lina muwala au halina, taswira zake zinajengana au zinapingana. Ile iliyotoa amri tu imesahaulika.

Lipo pia suala linalowauma wanafunzi zaidi. Insha katika mtihani wa KCSE husahihishwa kwa 20, kama alivyofanya Robinson kwa Pavie. Vyuoni, tasnifu na makala za muhula hupewa asilimia. Swali la Hodgson haliepukiki: je, msahihishaji akipewa insha moja mara tatu, katika rundo la 30, ataipa alama ile ile? Na jaribio la Bordeaux linazua swali la pili: je, mwandiko mzuri, au jina la shule maarufu, au sifa ya mwanafunzi aliyetangulia kujulikana, haviwi rangi nyekundu iliyotiwa katika mvinyo mweupe?

Watahini wana kinga fulani ambazo wahakiki wa mvinyo hawana. Wana mwongozo wa usahihishaji, wana vikao vya kuafikiana kabla ya kazi kuanza, na katika mitihani ya kitaifa mtahiniwa hujulikana kwa nambari. Kinga hizo ni njema na hazina budi kulindwa. Hazitoshi, hasa vyuoni, ambako aghalabu mhadhiri mmoja hufundisha, hutunga, husahihisha na kumjua kila mwanafunzi kwa jina. Mwanafunzi anayerudishiwa kazi yenye asilimia 58 na mstari mwekundu chini yake amepewa tarakimu ya Parker bila maelezo ya Parker. Hawezi kujifunza kutokana nayo, hawezi kuipinga, na wala hawezi kuiamini. Alichobakiwa nacho ni kubuni kile anachokipenda mhadhiri na kukizidisha, kama mgema wa Bordeaux.

Pendekezo la makala haya si kwamba alama zifutwe. Soko na vyuo vitaendelea kuzihitaji. Pendekezo ni kwamba alama isiruhusiwe kusafiri peke yake. Mhakiki wa mvinyo, mwonjaji wa kahawa, mhakiki wa riwaya na msahihishaji wa tasnifu wote wadaiwe kitu kimoja: kutaja ngozi na chuma. Waseme walichokikuta ndani ya kazi, kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyapeleka kwenye kazi hiyo na kuyapima. Na pale inapowezekana, jina lifichwe mpaka hukumu itolewe.

Hukumu ya namna hiyo haitaondoa tofauti za ladha. Asiyenusa pilipili manga hatainusa kwa kusomewa maelezo, na asiyependa shairi huru hatalipenda kwa kuhutubiwa. Asifuye mvua imemnyea. Wala hakuna ubaya kwamba mvua moja humnyea kila mtu kwa namna yake. Linalotakiwa ni aseme ilimnyea wapi na kwa kiasi gani, ili anayemsikiliza ajue kama achukue mwavuli.